Trei Langu Ndilo Lililochagua Gari

Kila mtu ananiuliza. Nikiingia kanisani, wenzangu wa sauti ya pili kwayani wananigeukia kabla hata ya sala: "Mama Anitha, hivi ilikuwaje?" Nikienda gengeni, muuza nyanya naye anataka kujua. Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana, maana huyu namwongezea chumvi na yule namnyima. Basi leo unga umekandwa, umefunikwa, nami nimekaa niandike yote mara moja. Mambo ya kadi ya gari na mihuri siyaandiki. Hayo yana ofisi zake, na sijamwona mtu aliyewahi kuyacheka.

Shida yangu mnaijua. Naoka skonzi, maandazi na keki hapa nyumbani Ihumwa, na walaji wakubwa wako Chimwaga, kule chuoni. Keki zangu zimesafiri kwa bodaboda miaka yote hii, zikitoka kwangu keki na kufika kule makombo. Dada Rehema, anayesimamia mkahawa mmoja pale chuoni, alishanikataa mara mbili. Nilipomwendea tena aliniambia hivi: "Mama Anitha, vitu vyako vitamu, sibishi. Lakini wanafunzi hawawezi kunywa chai na makombo. Nina nafasi ya mwokaji mmoja, anaanza Jumatatu. Lete vitu vizima, kabla ya saa moja asubuhi, na ulete kila siku. Ukinikosesha siku ya kwanza, namchukua mwingine."

Nikatoka pale najua kwamba nahitaji gari, na nalihitaji kabla ya Jumatatu.

Baba Anitha yuko kazini Singida. Kwenye simu alitaka tusubiri mpaka tumudu moja ya gari hizi za kisasa, zinazopiga kelele zenyewe ukisahau mkanda. Nikamwambia kelele za kunikumbusha mambo ninazo za kutosha, namshukuru Mungu na mama mkwe. Mimi nilitaka gari dogo la zamani, lile ambalo ukifungua boneti unaiona injini, na ukiinama zaidi unaona na ardhi. Gari ambalo kila fundi wa Dodoma amewahi kulala chini yake, linalokunywa mafuta kwa adabu, na ambalo kulinunua hakumlazimishi mtu kuuza kiwanja. Nilikuwa nimesikia habari za mawili: moja liko Kondoa, lingine Kongwa.

Kipimo changu kilikuwa kimoja. Nina trei kubwa la bati nililotengenezewa na fundi, ndilo linalobeba keki za asubuhi. Gari litakalolilaza trei lile bapa, bila kuliinamisha, hilo ndilo langu. Nikaamua kusafiri nalo. Jirani yangu Zainabu, mjane wa Kirangi mzaliwa wa Kondoa, hajui gari hata kidogo lakini safari anazijua. Akasema hawezi kuniacha nizunguke mkoa mzima na trei kama mtu aliyerukwa na akili. Tuzunguke wawili, angalau watu wadhani ni biashara.

Ihumwa hadi Chemba

Ijumaa asubuhi tulipanda basi la Kondoa. Trei halikuingia chini ya kiti, wala kule juu halikukaa, na kondakta alitaka kulitia kwenye buti pamoja na magunia ya vitunguu. Nikakataa kabisa. Tukalipakata, nusu kwangu, nusu kwa Zainabu, na kwa kuwa nilikuwa nimelifunika kitambaa cheupe kuzuia vumbi, basi zima likaamini kwamba tumebeba chakula.

"Mama, maandazi bei gani?" akauliza baba mmoja wa kiti cha nyuma.

"Siuzi, baba."

Hakuamini. Tulipopita Msalato alinyoosha mkono, akainua pembe ya kitambaa, akachungulia. "Kumbe yameisha?"

"Hayajaanza," nikamjibu.

Kuanzia hapo watu wakatuangalia kwa huruma, kama wafanyabiashara walioamka vibaya. Dada mmoja akatupa ndizi mbili tukazila, maana ndizi ya huruma ni ndizi vilevile.

Chemba tukakwama, na si kwa pancha. Dereva alimwona mkwewe kando ya barabara. Mtu na mkwewe hawapungiani mkono kupitia dirishani, kila mtu ndani ya basi alilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyelalamika alipozima injini na kushuka kwa heshima zote. Walioweza kushuka wakashuka. Chai ikaletwa, salamu zikapita kwenye ukoo mzima, mbuzi nao wakaulizwa hali. Sisi tukasubiri kivulini.

Hapo ndipo alipotujia bibi mmoja Msandawe aliyekuwa anauza asali. Alikuwa anaongea na mwenzake kwa lugha yao, ile yenye kugonga ulimi, na mimi huwa siichoki kuisikia, kila neno linadondoka kama punje za mahindi kwenye sufuria ya bisi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaligonga trei kwa kidole.

"Hili unampelekea nani?"

"Nalipelekea gari, bibi."

"Gari linakula?"

Nikamweleza kwamba natafuta gari la kulibeba. Akalitazama trei, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi nikitafuta mzinga naangalia nyuki. Wewe unatafuta gari unaangalia bati." Akanikatia kipande cha sega, akakataa malipo, akasema hajawahi kukutana na kichekesho cha bure kama hicho. Nililamba vidole mpaka Kondoa.

Kondoa

Kwa mama mdogo wake Zainabu, gari haliangaliwi mtu akiwa na njaa. Hiyo ndiyo sheria tuliyoikuta. Kwanza maziwa ya mgando, kisha kuku, kisha wali, kisha maswali, kisha maziwa tena. Kila nilipogusia gari niliongezewa paja. Tulipofika kwa Mzee Shabani, mwenye gari, nilikuwa natembea taratibu kwa ajili ya tumbo.

Jamani, lile gari! Lilikuwa kile kigari cheupe chenye mgongo wa kobe, taa mbili za duara zinazokutazama kama mtoto aliyeamka. Linang'aa mpaka niliona meno yangu kwenye mlango. Nililipenda papo hapo, nikapenda na jinsi nilivyopendeza pembeni yake. Mzee Shabani akasema tupande, tukalijaribu barabarani. Mimi nikashika usukani, yeye akakaa kando yangu, Zainabu akakaa nyuma na trei magotini, limefunikwa kitambaa chake cheupe.

Hatujafika mbali tukasikia vigelegele. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono mdomoni, anapiga vigelegele kwa nguvu zake zote. Nyumba ya pili wakatoka watatu. Ya tatu wakatoka na ngoma.

"Mzee, kuna nini?" nikauliza.

"Aah," akasema Mzee Shabani, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana aibu. "Hili gari halitoki nje ila kwa harusi. Wanadhani tumembeba bi harusi."

Bi harusi mwenyewe, Zainabu, ana wajukuu wanne. Alipoelewa, alivuta kitambaa cha kwenye trei akajifunika kichwa, akainamisha uso kwa haya, akaanza kupunga mkono kwa vidole viwili tu kama mwari aliyefundwa. Nilicheka nikashindwa kubadili gia. Tulirudi na msafara nyuma yetu, na ilibidi Mzee Shabani asimame juu ya jiwe awaeleze watu kwamba hakuna harusi, hawa ni wanunuzi. Wakasema sawa, lakini vigelegele hawavirudishi.

Kisha likaja suala la trei. Zainabu akaenda nyuma kufungua buti, akarudi mbio. "Mama Anitha! Humu wameweka injini!" Buti lenyewe liko mbele, nalo ni la kuweka kikapu kimoja na sala. Trei likagoma. Tukajaribu kiti cha nyuma, likaingia kwa kuinama, upande mmoja juu, mwingine chini. Nikaligeuza. Nikaligeuza tena. Nikaanza kusema kwamba pengine keki zikiwa nzito chini hazitateleza, pengine nikiendesha polepole, pengine nikinunua trei lingine.

"Umekuja kununua gari la keki au la kupiga picha?" Zainabu akaniuliza, bado kitambaa kiko kichwani.

Iliniuma kama kumwaga mchuzi. Lakini Jumatatu haina huruma, na trei lilikuwa limesema. Nilipomwomba radhi Mzee Shabani, alishusha pumzi ndefu, akalipangusa gari pale nilipolishika, akakiri kwamba hakuwa na moyo wa kuliuza. Wanawe ndio waliomshauri. Yeye alitaka tu amsikie mtu akilitamani.

Kondoa hadi Kongwa

Jumamosi tulirudi Dodoma kwa basi, tukaunganisha la kuelekea mashariki. Tukapita Ihumwa yenyewe, nikaliona paa la nyumba yangu dirishani bila kushuka, jambo linalomfanya mtu ajione mjinga kidogo. Mbande tukashuka, tukachukua usafiri wa Kongwa, tukitafuna karanga za kukaanga na chumvi mpaka midomo ikauma. Nilikuwa nimenyamaza, na mnajua nikinyamaza kuna jambo. Gari lilikuwa limebaki moja tu.

Mzee Ndahani ni mwalimu mstaafu, Mgogo wa kabila na wa maneno. Tulimkuta ameketi mbele ya nyumba yake. Tukamwamkia, tukapewa viti, akaniuliza kwetu ni wapi.

"Iringa, mzee. Mimi ni Mhehe."

Akanyanyuka kwenye kiti chake kana kwamba ameona moshi. "Tabitha!" akamwita mkewe. "Tabitha, mfungie mbwa ndani! Mhehe kaingia!"

Kwa msiotoka huku: Wagogo na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakatuachia sisi haki ya kutukanana bila kukasirikiana. Wao wanasema sisi tunakula mbwa. Sisi tunasema wao Mungu aliwaumba mkono umeshakunjuliwa, tayari kwa kuomba. Ukimkuta mtani wako umemaliza safari, na pia umekwisha, kwa sababu hutasikia tena neno moja la kweli.

"Usiogope, mzee," nikamwambia. "Mbwa wa Kongwa wamekonda mno. Nimekuja kuona gari, kama hamjaliombea shilingi barabarani."

Akafurahi mpaka akanipa mkono mara ya pili.

Gari lilikuwa chini ya kibanda cha nyasi. Starlet ya zamani, zile za kona kona, milango miwili na mlango mkubwa wa nyuma. Rangi ilikuwa bluu, imechujuka kama kanga ya kushindia. Halikung'aa hata kidogo. Bi Tabitha alikuwa ameanika ufuta juu ya boneti. Mzee Ndahani akafungua mlango wa nyuma, akalaza kiti, nami nikalisukuma trei ndani nikiwa nimefumba jicho moja. Likaingia. Likalala. Likatulia bapa kabisa, na pembeni ikabaki nafasi ya ndoo ya chapati. Machozi yalinitoka, nasema ukweli, na Zainabu akanipiga mgongoni kama mtu aliyepaliwa.

Mzee alikuwa na sharti lake. Magoti yake hayakanyagi klachi tena, ndiyo maana anauza, lakini hataki limwendee mtu wa kuliweka uani. "Gari ni kama ng'ombe wa maziwa," akasema. "Asipokamuliwa kila siku anaharibika. Utaliendesha kila siku?"

"Kila siku ya Mungu, mzee. Chimwaga kwenda na kurudi."

Tukaelewana. Usiku huo tulikula ugali wa uwele na mlenda, na kila nilipovuta tonge mlenda ukarefuka, Bi Tabitha alisema Mhehe anapima urefu wa njia ya kurudi kwao.

Jumapili tukaenda ibada kwanza, kwani gari halikuwahi kuikosa ibada na Mzee alisema haliwezi kuanza kuikosa kwa ajili ya Mhehe. Tuliporudi, majirani walikuwa wametandika mkeka getini. Wanawake wameketi juu yake, hawatoki. Mtani hachukui mali ya Ugogo hivi hivi, wakasema, aikomboe. Nikafungua mfuko wangu wa safari, nikatoa keki ya mwisho niliyoitoa nyumbani. Wakaigawa vipande vidogo kama komunyo, wakatafuna, wakatazamana, wakakunja mkeka.

Mzee Ndahani akainama dirishani kunipa maagizo ya mwisho. "Sikiliza, Mhehe. Redio usiliwekee muziki wa baa, linajua nyimbo za dini tu. Kila asubuhi liamkie 'Mbukwa', usipoliamkia kwa Kigogo haliwaki. Likishapata moto usilizime njiani, linanuna kama Mhehe aliyenyimwa nyama, halitawaka mpaka lipoe. Na ukipita Mbande ulishike vizuri, litataka kurudi kwangu."

Nilicheka kila neno. Nikamwambia asante babu, Wagogo hamwishi, mtu ameshanunua gari na bado mnamwombea njiani. Nikaondoka napiga honi.

Kongwa hadi mnadani

Naomba niwaambie furaha ilivyo. Furaha ni dirisha lililoshushwa kwa mkono, upepo wa Mbande, gia zinazoingia kama mkono kwenye mfuko, na rafiki yako kando yako anaimba kaswida wakati wewe unaimba tenzi, hamgombani. Malori yalitupita na sikujali. Nyuma, trei lilikuwa limelala kimya kama mgonjwa aliyepona. Nilipanga kila kitu kwa sauti: nifike, nikande unga wa skonzi kabla ya giza, uumuke usiku, alfajiri nioke, saa kumi na mbili niondoke.

Kabla ya kufika Chamwino tukakuta mnada wa ng'ombe, na moshi wa nyama choma umevuka barabara kuja kutuita kwa majina. Zainabu akanitazama. Nikamtazama. Nikaegesha, nikazima.

Tulikula mbuzi na ndizi za kuchoma na pilipili ya kutoa kamasi, tukarudi kwenye gari tukiwa watu wazuri kabisa. Nikazungusha ufunguo. *Tk.* Nikazungusha tena. *Tk.* Hata kukohoa halikukohoa.

Nikampigia Mzee Ndahani. Hata shikamoo ilitoka haijaiva.

"Umelizima?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Si nilikuambia? Stata imezeeka, likiwa la moto haishiki."

"Ulisema pia niliamkie kwa Kigogo!"

"Hilo lilikuwa utani."

"Sasa mimi nitajuaje lipi utani, mzee, na vyote umevisema kwa mdomo mmoja?"

Kisha nikasikia anacheka, na nyuma yake Bi Tabitha naye anacheka, na simu ikakatika kwa vicheko au kwa salio, sijui.

Mimi sikucheka. Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka, na unga wangu ulikuwa bado uko guniani Ihumwa. Akilini nilimwona Dada Rehema akimfungulia mwokaji mwingine mlango. Nikawaendea wanaume waliokuwa wamekaa karibu na zizi, fimbo mabegani, nikawaomba wanisukumie gari.

Mmoja wao, mrefu, shuka jekundu, alinisikiliza kwa makini. "Lafudhi hiyo. Dada ni wa wapi?"

Ningedanganya, lakini Zainabu alikuwa ameshajibu. "Mhehe huyo!"

Mnada ukasimama. Sijui niwaelezeje. Yule wa shuka jekundu akainua fimbo juu akapaza sauti kama anayenadi dume: "Njooni! Njooni muone! Leo Mhehe *anaomba*!"

Wakaja. Wenye ng'ombe, wenye mbuzi, mama lishe na mwiko wake. Wakatengeneza duara, mimi katikati. Maisha yangu yote nimewacheka Wagogo kwa kuomba, na sasa nilikuwa Ugogoni, nimenyoosha mikono, naomba.

"Omba vizuri," akasema mmoja. "Hivyo bado unaamuru."

"Nawaomba, jamani, mnisukumie."

"Hajainamisha kichwa!"

Nikainamisha. Nina kiburi, mnanijua. Mama lishe akasema kuomba kuna ufundi wake, si kitu cha kuokota njiani, akanionyesha jinsi ya kulegeza bega na kukunja uso. Nikajaribu. Wakasema mkono wa kushoto unadanganya. Nikajaribu tena, na safari hii nikaongeza kilio na habari za watoto saba ambao sina, na njaa, na ukame, na mume aliyekimbia. Kila kilio kilivyozidi ndivyo walivyozidi kupiga makofi, mpaka mimi mwenyewe nikavunjika mbavu, nikakaa chini kwenye vumbi la ng'ombe nacheka huku nimenyoosha mkono. Wa shuka jekundu akatangaza kwamba nimefaulu, ila kwa daraja la chini, nirudi mwakani. Nikamtukana ukoo wake wote akaniitikia amina.

Basi wakaja kusukuma, watu wengi kuliko gari lenyewe. Nikaingia, nikaweka ufunguo, nikauzungusha kwa mazoea tu kabla hawajaanza.

Likawaka.

Likawaka mara moja, likanguruma kama halijawahi kununa. Utani ulikuwa umechukua muda mrefu kiasi kwamba stata ilikuwa imepoa yenyewe. Wale wanaume wakabaki na mikono hewani, hawana cha kusukuma, na mmoja akalalamika kwamba Mhehe ameomba kitu ambacho hakukihitaji, huo ndio uombaji wa kiwango cha juu kabisa. Nikaondoka kwa vigelegele. Vya pili katika safari hiyo, na mara hii hakuna aliyedhani kuna harusi.

Ihumwa hadi Chimwaga

Unga uliumuka. Alfajiri ya Jumatatu nilioka keki, skonzi na maandazi, nikalipanga trei, nikalilaza mahali pake. Gari lilikuwa la baridi. Nikazungusha ufunguo likawaka, na nakiri kwamba kabla ya hapo nililiambia "Mbukwa" kwa sauti ndogo. Siku kama ile mtu hajaribu bahati yake.

Niliendesha kana kwamba nimebeba mayai ya mfalme. Kila tuta nililipanda kwa heshima na kulishuka kwa sala. Chimwaga nilifika mapema, nikaegesha nyuma ya mkahawa, na injini nikaiacha inanguruma. Nilikuwa nimeshaamua: nishushe haraka, niage, niondoke kabla hajauliza.

Dada Rehema akatoka akifunga kitambaa kichwani. Akasema kitu nisisikie. Akasema tena. Kisha akapaza sauti: "Zima gari bwana, hatusikilizani!"

"Linaondoka sasa hivi, dada!"

"Zima, nikague vitu vyangu kwa utulivu."

Nikasimama pale na skonzi mkononi. Nikaona uongo wa aina tatu ukinijia, wote mzuri. Lakini huyu ni mtu ambaye nitamwona kila asubuhi, na uongo nao ungetaka kuletwa kila asubuhi, mzima.

"Dada Rehema," nikamwambia, "nikilizima likiwa la moto haliwaki mpaka lipoe. Asubuhi linawaka vizuri, kuja litakuja kila siku. Kurudi ndiko kunahitaji subira. Nitatengeneza stata nikishapata pesa."

Akaenda nyuma ya gari, akalitazama trei. Akabonyeza keki moja kwa kidole, ikarudi juu. Akainua skonzi, akazigeuza chini juu kama anayetafuta kosa alilolificha yeye mwenyewe. Akachukua keki, akaimega, akala, akitazama kwingine. Moyo wangu ulikuwa unapiga kelele kuliko injini.

"Linapoa baada ya muda gani?"

"Kama mtu akinywa chai taratibu," nikasema.

Dada Rehema akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo mwenyewe. Injini ikazimika. Nikasikia ndege, nikasikia vikombe vikigongana huko ndani, nikasikia wanafunzi wa kwanza wakivuta viti.

"Basi ingia unywe," akasema, na tayari alikuwa ameshika upande mmoja wa trei, akinisubiri nishike wa pili. "Na kesho uongeze skonzi."

Tukaliingiza trei ndani, bapa. Nikaketi mezani kama mteja, nikamiminiwa chai ya maziwa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, nikaila keki yangu mwenyewe Chimwaga ikiwa nzima.